Ukishika Mkono Mkubwa, Ulipwe: Mwongozo Kamili wa Poka ya Dau Dogo

Ukikaa kwenye meza ya poka ya dau dogo hapa Malindi, iwe kwenye veranda ya rafiki nyuma ya Barabara ya Lamu au kwenye kasino yenye taa nyingi kuliko wachezaji, jambo moja utaliona kabla kahawa haijapoa: watu hawakuja kutupa karata, wamekuja kucheza. Mtu ameshinda hotelini akikaanga samaki wa wageni, au ameshinda kwenye tuktuk baina ya Casuarina na sokoni. Jioni ameweka kando elfu mbili zake za kujifurahisha, na kila akipata jozi anataka kujua mwisho wake. Ukimpigia mkwara, yaani ukitia dau kubwa bila karata za maana ili aogope, anafuata, analipa dau lako. Ukimkazia macho, anafuata. Mtu wa namna hiyo hatishiki, lakini hutozeka.

Ndiyo maana faida ya meza hizi haitoki kwenye mikwara. Inatoka kwenye ile mikono michache mikubwa, yaani karata kali, unayoipata usiku mzima, na swali lote ni ulilipwa kiasi gani ulipoipata. Wengi wakishika mkono mkubwa hunyamaza, wakagonga meza, wakajifanya wanyonge, na mwishowe wakaokota hela ya chai. Hapa nitakuonyesha njia ya kinyume: tia dau mwenyewe, litie mapema, liwe kubwa. Kisha nitakuonyesha zile hali chache ambazo kunyamaza ndiyo akili.

Poka ninayoizungumzia ni Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau. Kila mtu anapewa karata mbili za siri, na mezani zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa mpigo, yaani flopi, kisha ya nne, tani, kisha ya tano, riva. Kabla ya karata, watu wawili wanalazimika kutia blaindi, dau la lazima, mmoja dogo na mwingine kubwa. Mifano yangu yote ina blaindi ya 10 na 20, na kila mchezaji ana shilingi 2,000 mbele yake. Fedha zote zilizokwisha kuingia katikati naziita kitita. Kugonga meza ni kupita bila kutia kitu.

Kabla hujakaa

Mwenye msimamo kwamba kamari ni haramu, na hapa mjini ni wengi, sina la kumshawishi. Haya ni ya anayecheza tayari. Awe ametimiza miaka 18, na asikae na kodi ya nyumba mfukoni. Jambo jingine la kujua: mwenye nyumba anayekata asilimia kwenye kila kitita hafanyi tena ukarimu, anaendesha biashara ya kamari, na biashara hiyo Kenya inataka leseni.

Sasa kanuni ambayo wengi wanaipuuza. Katika mkono mmoja huwezi kushinda kutoka kwa mpinzani yeyote zaidi ya kiasi ulichokuwa nacho mezani karata zilipogawiwa. Umebaki na 600, ukapata nne za aina moja, na Mtaliano mstaafu aliye mbele yako ana fuli (tatu za aina moja pamoja na jozi) na 3,000 zake: utachukua zake 600 tu. Huruhusiwi kutoa simu katikati ya mkono uongeze kwa M-Pesa. Kwa hiyo kaa na kiwango cha juu kinachoruhusiwa, na kila ukipungua ongeza kabla ya karata kugawiwa. Wapo wanaokaa na kidogo "ili wasipoteze sana". Hao wamejikatia mapato ya mkono wao bora kabla hawajaupata. Kama 2,000 ni nyingi kwako, tafuta meza yenye blaindi ndogo zaidi, usikae na nusu.

Angalia pia nani amekaa wapi. Ukipata nafasi ya kuchagua kiti, mtu mwenye fedha nyingi na mkono mwepesi awe kuliani kwako, yaani acheze kabla yako. Utakuwa unaona anachofanya kabla hujaamua.

Mkono mkubwa ni upi

Jozi ya juu si mkono mkubwa. Umeshika ree na mfalme, mfalme akaja mezani, una mkono mzuri wa kulipwa dau mbili za kiasi. Fedha zako zote hazistahili kwenda hapo, labda uwe na mtu unayemjua vizuri. Mkono mkubwa unaanzia kwenye jozi mbili zinazotumia karata zako zote mbili, halafu seti, mfululizo (karata tano zinazofuatana), flashi (tano za rangi moja, mfano kopa tupu), fuli na kuendelea.

Seti ndiyo mama wa faida kwenye meza hizi, na nitaitumia kama mfano mkuu. Unaanza na jozi mkononi, mfano 7 mbili, na 7 ya tatu inatokea mezani. Hakuna anayeiona. Jozi ya mkononi unaipata karibu mara moja katika mikono 17, na ukishaipata, flopi itakupa seti au zaidi karibu mara moja katika 8 na nusu. Kwa kuwa inakuja kwa nadra, lazima ikija ilipe gharama ya zile mara nyingine ulizofuata dau ukatoka mtupu. Kama aliyepandisha dau hana angalau mara 15 ya kiasi unachotakiwa kulipa ili kufuata, achana na hizo jozi ndogo. Hata ukipata seti hakutakuwa na cha kukulipa.

Kabla ya flopi

Ree mbili zinakuja mara moja katika mikono 221, kwa hiyo usiku mwingine hutaziona kabisa. Ukizipata, usijifiche. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, ree mbili zinashinda takribani mara 85 katika 100. Dhidi ya wanne zinashuka hadi karibu 56. Bado ni nzuri, lakini ukiwaachia wanne waingie kwa shilingi 20 kila mmoja umejenga kitita kidogo chenye hatari kubwa, na flopi ikija hutajua nani ameangukia jozi mbili za ajabu.

Swali ni upandishe hadi wapi. Vitabu vingi vinasema mara tatu ya blaindi kubwa, yaani 60. Kwenye meza ya Malindi 60 ni karibisho, wanaingia wote pamoja na mtazamaji. Anza na 100 kama hakuna aliyeingia, na ongeza 20 kwa kila aliyekwisha kuingia. Wakifuata watatu kwa raha, safari nyingine jaribu 140, halafu 160. Kila meza ina dari yake, kiwango ambacho mtu mmoja au wawili bado wanafuata bila kufikiri sana, na kazi yako ya saa ya kwanza ni kuitafuta. Dari hiyo inapanda na kushuka na msimu. Kati ya Desemba na Machi, wageni wamejaa na kaskazi inavuma, mfuko wa kila mtu una pumzi. Mwezi wa 5, mvua ya masika imeanguka na hoteli nyingi zimefunga, watu walewale wanatupa karata kwa dau la 100. Usiwalazimishie bei ya Januari.

Kosa la kawaida hapa ni kupandisha hadi 160 ukiwa na ree au wafalme tu, na 80 ukiwa na vingine. Hata mzee anayesinzia atalisoma hilo baada ya juma mbili. Ukipanga 120, iwe 120 kwa mikono yote unayopandishia.

Flopi: dau la kwanza ni lako

Tuchukue mkono mmoja tuuangalie kwa karibu.

Una 7 ya uru na 7 ya pau. Wawili wameingia kwa 20, wewe uko karibu na mwisho, unapandisha hadi 100. Wote wawili wanafuata, na blaindi kubwa pia. Blaindi ndogo inatupa. Kitita ni 410, na nyote mmebaki na 1,900. Flopi inafunuliwa: mfalme wa kopa, 7 ya kopa, 2 ya shupaza. Watatu wanagonga meza. Zamu yako.

Sauti ya ndani inasema: gonga na wewe, usiwatimue. Inyamazishe, kisha uhesabu ni mikono ipi iko tayari kukulipa sasa hivi. Wafalme watatu bado hawajaonekana. Mfalme na ree kunaweza kutokea kwa njia 12, mfalme na malkia njia 12, mfalme na ghulamu 12, mfalme na 10 nyingine 12. Hizo ni njia 48 za mtu kushika jozi ya juu yenye karata nzuri ya pembeni, bila kumtaja yule anayependa mfalme na 5 kwa sababu ni za rangi moja. Mfalme na 7 kuna njia 3, mfalme na 2 njia 9. Ongeza kila mwenye kopa mbili anayesubiri flashi. Wanaokushinda? Wafalme wawili mkononi, njia 3 tu, na mtu mwenye wafalme wawili kwa kawaida angekuwa ameshapandisha kabla ya flopi. Umezungukwa na walipaji, na wewe unataka kugonga meza?

Tia 300. Usiseme ni nyingi. Muuza nguru anayejua kwamba mnunuzi ameshaahidi wageni wake nguru leo hashushi bei, na mwenye jozi ya wafalme ameshajiahidi kuona riva.

Mmoja anafuata. Kitita kinakuwa 1,010 na kila mmoja ana 1,600. Tani ni 4 ya pau, haijabadilisha kitu. Tia 700. Akifuata, kitita ni 2,410, na mmebaki na 900 kila mmoja. Riva yoyote isiyotisha, unatia zote. Dau la 900 mbele ya kitita cha 2,410 linaonekana dogo hata kwa mtu mwenye shaka, na kwa sababu hiyo linafuatwa.

Linganisha na anayetia 120, halafu 250, halafu 500, kwa kuogopa kumkimbiza. Akifuatwa zote tatu amepata 870. Wewe umepata 1,900, kutoka kwa mtu yuleyule mwenye mfalme na ghulamu, ambaye hakuwa na nia ya kutupa kwa bei yoyote kati ya hizo.

Na yule mwenye kopa mbili je? Tuseme amefika tani na wewe. Kopa zilizobaki ni tisa, lakini 2 ya kopa na 4 ya kopa zinarudia karata za mezani na kukupa wewe fuli. Karata safi kwake ni saba katika 44 ambazo hazimo mikononi mwenu wala mezani, karibu 16 katika 100. Kwa dau la 700 analipa 700 ili kugombea 1,710, bei inayomtaka ashinde angalau mara 29 katika 100. Hata tukisema kopa ikija utamlipa 900 zako zote, kwa wastani bado anakuachia zaidi ya shilingi 170 kila akifuata pale tani. Ukigonga meza, karata hiyohiyo ya 16 katika 100 umempa bure.

Panga dau kuanzia mwisho

Hapa ndipo panapomtenganisha anayejua na anayebahatisha. Kabla ya kutia dau la flopi, jiulize: nimebaki na kiasi gani, kitita ni kiasi gani, na nitazimalizaje zote ifikapo riva?

Ukitia dau la nusu ya kitita na mmoja akafuata, kitita kinakuwa mara mbili. Ukitia sawa na kitita, kinakuwa mara tatu. Rudi kwenye mfano wetu: kitita 410, mkononi 1,900. Nusu, nusu, nusu: kitita kinafika 820, halafu 1,640, halafu 3,280, na umetia 1,435. Umebakisha 465 mfukoni bila sababu. Ukitaka ziingie zote kwa madau matatu yaliyolingana na kitita, unahitaji asilimia 60 hivi kila mara: 240, kisha 520, kisha 1,140.

Sasa angalia kinachotokea ukigonga meza kwenye flopi ili kujificha. Umebakiwa na madau mawili tu. Ili 1,900 ziingie unatakiwa kutia 450 mbele ya kitita cha 410, halafu 1,450 mbele ya kitita cha 1,310. Yaani umejifanya mnyonge kwenye flopi, na ghafla unatia zaidi ya kitita mara mbili mfululizo. Nani atakuamini? Watu husema kugonga meza ni kumtega mwenzako. Mara nyingi ni kujifungia mlango, kwa sababu dau lililorukwa kwenye flopi linapunguza na yale yote yanayokuja baada yake.

Kwa nini basi mimi nilitia 300, 700 na 900, badala ya zile 240, 520 na 1,140? Kwa sababu ya kopa mbili za mezani. Anayesubiri flashi analipa kwenye flopi na tani tu. Riva ikimnyima, hana cha kulipia hata shilingi 10. Meza ikiwa na karata za kusubiriwa, yaani mbili za rangi moja au zilizofuatana kama 9 na 10, sukuma fedha mapema. Meza ikiwa kavu, mfano mfalme, 7 na 2 za rangi tatu tofauti, hakuna anayesubiri kitu. Hapo lingana, asilimia 60 kila mara, na mwenye mfalme atakufuata polepole mpaka mwisho.

Jizoeze kuhesabu kitita kichwani hata mikono ambayo humo, ukiwa umetupa na unakunywa kahawa yako. Baada ya majuma machache inakuwa kama kuhesabu chenji.

Nani analipa, na kwa njia gani

Mfuataji ndiye mteja wako mkuu. Anaingia na chochote, hapandishi, anasema "wacha nione." Kwake usifanye ufundi wowote: tia dau kubwa mara tatu. Hata kwa jozi ya juu mtoze mara mbili. Usimpigie mkwara kamwe.

Mwenye fujo ni tofauti, na hapa ndipo kugonga meza kunapolipa. Ni yule kijana anayetia dau kila akiona wenzake wamegonga, awe na kitu au hana. Akiwa nyuma yako kwa zamu, mgongee meza, mwache atie zake, kisha mpandishie. Lakini angalia wakati. Ukimpandishia kwenye flopi na hana kitu, atatupa. Ukimfuata tu kwenye flopi, mara nyingi atatia tena kwenye tani kwa kiburi, na hapo ndipo pa kupandisha. Ila meza ikiwa na karata za kusubiriwa na kuna mtu wa tatu ndani, pandisha palepale kwenye flopi. Mtu wa tatu huyo ndiye atakayekuharibia.

Mkavu anacheza mikono michache kwa saa nzima. Dau lako kubwa litamtimua na jozi ya kati, kwa hiyo kwake theluthi moja ya kitita inaweza kuwa ndiyo bei yake. Akifuata dau kubwa mara mbili, yeye naye ana kitu. Hapo zitie zote kama una seti, na uwe na tahadhari kama una jozi mbili.

Lini ujikaushe kweli

Zipo hali za kugonga meza, na ni chache kuliko watu wanavyofikiri. Ya wazi ni pale ulipozishika karata zote ambazo zingemfanya mwenzako akulipe. Una maghulamu wawili, flopi ni ghulamu, ghulamu, 4. Nani ana kitu cha kukulipa? Mwache aone tani, labda apate jozi yake. Hata hapo, dhidi ya mfuataji mimi hutia kidau cha 60 au 80, kwa kuwa atafuata na ree tupu na kitita kinaanza kukua.

Flashi ya ree uliyoipata kwenye flopi haimo kwenye kundi hilo, ingawa wengi huificha. Kopa tatu ziko mezani, wewe una ree ya kopa na nyingine. Mwenye mfalme wa kopa peke yake atakufuata sasa akisubiri ya nne. Mwenye jozi mbili atakufuata, mwenye seti hatoki. Kopa ya nne ikianguka, wote hao isipokuwa mwenye mfalme wanafunga mfuko. Dai fedha kabla haijaanguka.

Riva

Riva haina karata tena ya kuogopa, kwa hiyo hesabu ni moja: bei mara idadi ya kufuatwa. Ukitia 400 na unadhani atafuata mara 8 katika 10, wastani wako ni 320. Ukitia 1,000 na atafuata mara 4 tu katika 10, wastani ni 400. Dau kubwa linashinda hata likikataliwa mara nyingi zaidi. Kwenye meza hizi watu hawapimi bei hivyo. Wanaamua "nina mkono" au "sina mkono" kabla hujatia dau, na wakishaamua wanao, 400 na 1,000 kwao zina ladha moja. Ukiamini mwenzako ana flashi ndogo au mfululizo, na wewe una fuli, tia mara moja na nusu ya kitita bila haya.

Nimeona mtu anatia 200 kwenye kitita cha 1,600 akiwa na fuli, mzee wa pili yake anafuata upesi na kufunua flashi. "Ami, ungetia elfu ningekuja," mzee anamwambia huku akicheka. "Flashi ningeitupia wapi?"

Na usigonge meza kwenye riva ukitumaini mwenzako atie dau ili umpandishie. Mfuataji hatii dau. Atagonga na yeye, atafunua jozi yake ya wafalme, na wewe utafunua seti yako ya bure.

Mdomo, mikono na chipu

Mkono mkubwa huwatoka watu kwa mwili kabla ya dau. Mpiga soga ananyamaza ghafla, aliyeegemea anakaa wima, kikombe kinasahaulika. Ukiwa mtu wa soga, endelea na soga. Tumia muda uleule kutia dau kila mara, uwe na kitu au huna, sekunde nne au tano zinatosha. Usijifanye unasikitika, maigizo ya huzuni watu wa pwani tunayajua.

Ukitaka kupandisha, sema kiasi kwanza, ndipo usogeze chipu, vile vidude vinavyosimama badala ya fedha mezani. Kasino nyingi zina kanuni kwamba ukitupa chipu moja kubwa bila kusema neno, inahesabiwa umefuata tu. Mwenzako ametia 100, wewe unatupa chipu ya 500 kwa mbwembwe ukidhani umepandisha, na mgawaji anakurudishia 400. Kadhalika, usitoe chipu kwa awamu, ukaweka 300 halafu ukarudi kuchukua nyingine. Kinachohesabiwa ni mkupuo wa kwanza. Nyumbani kanuni hizi hulegezwa, na ndiko ugomvi unakoanzia, kwa hiyo kubalianeni kabla ya karata ya kwanza.

Mkono mkubwa ukigeuka mdogo

Utatozwa na wewe siku moja, kwa hiyo jua dalili. Mtu anayefuata tu usiku kucha, akipandisha kwenye riva, hafanyi mzaha. Sizungumzii yule kijana wa fujo. Nazungumzia mzee ambaye tangu saa mbili hajasema neno "napandisha," na sasa analisema.

Fanya hesabu palepale. Kitita kilikuwa 1,000, umetia 500, amepandisha hadi 1,500. Unatakiwa kuongeza 1,000 ili kugombea 3,000. Bei hiyo inakutaka ushinde mara moja katika nne. Je, katika mara nne anazopandisha mzee huyu riva, moja ana mkono mdogo kuliko wako? Kwa jozi ya juu, hapana, tupa. Kwa jozi mbili, na riva imeleta kopa ya tatu, hapana pia, na utupe bila kumwonyesha mtu karata zako. Kwa seti kwenye meza isiyo na flashi wala mfululizo, fuata. Anaweza kuwa na jozi mbili anazozipenda kupita kiasi, na mwenye seti kubwa kuliko yako ni nadra. Ukikuta ndiye huyo, mlipe, ongeza chipu zirudi 2,000 kabla karata hazijagawiwa, kwa sababu bado amekaa kuliani kwako na sasa ana fedha zako.